Mbunge Mmoja na Maswali Yake: Helen Suzman katika Bunge la Afrika Kusini, 1953–1989

Utangulizi

Aghalabu kazi ya mbunge hupimwa kwa sheria alizozipitisha na kura alizozishinda. Kwa kipimo hicho Helen Suzman wa Afrika Kusini angehesabiwa miongoni mwa walioshindwa. Alikaa Bungeni kwa miaka 36, tangu mwaka 1953 hadi mwaka 1989, na katika mambo makubwa aliyoyapigania alishindwa kura karibu kila mara. Kwa miaka 13 kati ya hiyo alikuwa mbunge pekee wa chama chake. Hata hivyo, mtu atakaye kujua jinsi utawala wa ubaguzi wa rangi ulivyowatenda watu hawezi kuzipekua Kumbukumbu Rasmi za Bunge hilo asikutane na jina lake.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mbunge huyo alivyolifanya swali kuwa silaha, na jinsi jibu lililoandikwa lilivyogeuka kuwa ushahidi dhidi ya aliyelitoa. Ni habari ya siasa, lakini pia ni habari ya lugha, na kwa hiyo inatuhusu sisi tunaofundisha lugha.

Bunge la wachache

Helen Suzman alizaliwa tarehe 7 Novemba 1917 katika mji wa Germiston, karibu na Johannesburg. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia huko kutoka Lithuania. Kabla ya kuingia katika siasa alikuwa mhadhiri wa historia ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Mwaka 1946 serikali iliunda Tume ya Fagan ili ichunguze sheria zilizowahusu Waafrika waliokaa mijini, naye alisaidia kutayarisha ushahidi uliopelekwa mbele ya tume hiyo. Inasemekana kwamba kazi hiyo ndiyo iliyomfumbua macho, kwani ilimlazimu kuzisoma sheria moja baada ya moja na kuona jinsi zilivyombana mtu mweusi kila upande.

Mwaka 1948 chama cha National kilishika madaraka, na siasa ya ubaguzi ikafanywa kuwa msingi wa dola. Suzman alichaguliwa mwaka 1953 kuwa mbunge wa Houghton, jimbo la watu wenye nafasi mjini Johannesburg, kwa tikiti ya chama cha United kilichokuwa chama kikuu cha upinzani. Mwaka 1959 yeye na wenzake kadhaa walikiacha chama hicho kwa sababu kilikuwa kikisitasita katika suala la haki za Waafrika, nao wakaunda chama cha Progressive. Uchaguzi wa mwaka 1961 uliwafagia wote isipokuwa yeye. Alikiponyosha kiti chake kwa wingi wa kura 564 tu.

Yafaa msomaji akumbuke jinsi Bunge hilo lilivyokuwa. Waafrika, ambao ndio waliokuwa wengi wa wananchi, hawakuwa na kura. Hata wabunge wachache weupe waliokuwa wakichaguliwa kuwawakilisha waliondolewa mwaka 1960. Kwa hiyo Suzman aliporudi Cape Town baada ya uchaguzi, mamilioni ya watu hawakuwa na msemaji yeyote humo ila yule aliyejitwika kazi hiyo kwa hiari yake. Kwa miaka kadhaa alikuwa pia mwanamke pekee Bungeni. Wabunge wa chama tawala walimzomea, wakamwambia arudi Moscow au arudi Israeli. Baada ya Waziri Mkuu Hendrik Verwoerd kuuawa kwa kisu Bungeni tarehe 6 Septemba 1966, P. W. Botha, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi, alimnyoshea kidole na kumlaumu kwa kifo hicho. Ililazimu Botha aombe radhi baadaye.

Sheria zilizosema uongo

Ili kuelewa thamani ya maswali ya Suzman, ni lazima kwanza tutazame lugha ya utawala wenyewe. Watawala wa ubaguzi walikuwa hodari wa kuvika jambo baya jina zuri. Mwaka 1952 ilipitishwa sheria ambayo jina lake lilitangaza kufutwa kwa pasi za Waafrika. Kwa kweli sheria hiyo ilikusanya hati zote za zamani na kuzifanya kitabu kimoja, ambacho kila Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alipaswa kukichukua kila aendako. Wasomaji wa Kenya watakifahamu upesi kitabu hicho wakikumbuka kipande cha zama za ukoloni. Wenyewe waliochukuzwa walikiita dompas, yaani pasi ya kijinga. Tena, mwaka 1959 ilipitishwa sheria iliyoitwa ya kupanua elimu ya chuo kikuu, nayo ndiyo iliyowafungia wanafunzi weusi milango ya vyuo vikuu vilivyokuwa vikiwapokea.

Katika hali kama hiyo hotuba kali haitoshi. Mtu akisema kuwa sheria ni mbaya, mtawala hujibu kuwa ni njema, na wasikilizaji hubaki wakichagua la kuamini. Lakini akiulizwa ni watu wangapi waliokamatwa mwaka jana kwa kosa la kutokuwa na pasi, jina la sheria haliwezi kumsaidia tena. Atalazimika kutaja hesabu.

Swali kama silaha

Bunge la Afrika Kusini lilifuata desturi za Bunge la Uingereza. Moja ya desturi hizo ni kwamba mbunge anayo haki ya kumwuliza waziri swali, na waziri hupaswa kulijibu, kisha swali na jibu huchapwa katika kumbukumbu za Bunge. Haki hiyo ilikuwa ya kila mbunge, hata aliyekuwa peke yake, kwani haikuhitaji kuungwa mkono kwa kura. Suzman aliitambua nafasi hiyo akaitumia kwa bidii kubwa, akiuliza mamia ya maswali.

Aliuliza ni watu wangapi waliowekwa kizuizini, na chini ya kifungu gani cha sheria. Aliuliza ni wangapi waliopigwa viboko, wangapi walionyongwa, wangapi waliohamishwa kwa nguvu kutoka makwao, na wangapi waliopewa amri za marufuku zilizowazuia kusafiri na kukutana na wenzao. Habari alizipata kwa watu wenyewe. Wafungwa, jamaa za waliokamatwa na watu waliofukuzwa katika nyumba zao walimwandikia barua au walimwendea ofisini. Naye hakutosheka na barua, bali alikwenda kuona kwa macho yake magereza na sehemu walikohamishiwa watu. Aliwahi kuwashauri mawaziri nao waende kuvitazama vitongoji vya Waafrika, ila wajigeuze sura, waende wakiwa kama binadamu.

Waziri mmoja alipolalamika kuwa maswali yake yanaiaibisha nchi mbele ya mataifa, Suzman alimjibu kwamba kinachoaibisha si maswali yake, bali ni majibu ya waziri. Jibu hilo limepata sifa duniani, lakini uzito wake hauko katika ukali wa ulimi. Lilieleza kwa ufupi njia yake yote ya kazi. Muulizaji hakutia chumvi, wala hakubuni hesabu, bali alimwacha mtawala ajishuhudie mwenyewe.

Kulikuwa na faida nyingine. Magazeti ya nchi hiyo yalibanwa na sheria nyingi. Sheria ya Magereza ya mwaka 1959, kwa mfano, iliifanya kuwa hatari kuandika habari za hali ya wafungwa. Gazeti la Rand Daily Mail lilipochapa habari hizo mwaka 1965, mhariri wake, Laurence Gandar, na mwandishi wake, Benjamin Pogrund, waliishia mahakamani. Lakini lililosemwa Bungeni gazeti liliweza kuliripoti. Kwa hiyo neno ambalo lingemtia raia matatani likinenwa barabarani, lilipita katika kinywa cha Suzman likafika magazetini, na kutoka magazetini likafika kwa msomaji wa nchi za mbali.

Kura ya mtu mmoja

Mwaka 1963 serikali ilileta mswada ulioipa polisi mamlaka ya kumweka mtu kizuizini kwa siku 90 bila kumfikisha mahakamani. Katika mswada huo huo kulikuwa na kifungu cha kumzuia Robert Sobukwe, kiongozi wa chama cha PAC, aendelee kufungwa hata baada ya kumaliza kifungo chake. Chama cha United kiliiunga serikali mkono. Ilipofika wakati wa kupiga kura wabunge wote walikwenda upande mmoja, na upande wa pili akabaki Suzman peke yake. Mwaka 1967 uliletwa mswada wa sheria juu ya ugaidi, ulioondoa hata ule mpaka wa siku, mtu akaweza kufungiwa muda usiojulikana mwisho. Hapo pia sauti iliyokataa ilikuwa moja.

Je, kura ya namna hiyo ina maana gani? Wako watakaosema kuwa ni dua la kuku, ambalo halimpati mwewe. Chifu Albert Luthuli, kiongozi wa ANC aliyepata kuwa mwalimu kabla ya kuwa chifu, hakuliona hivyo. Yeye mwenyewe akiwa amefungiwa na amri za serikali, alimwandikia Suzman barua ya shukrani, akimhakikishia kuwa vizazi vijavyo pia vitamheshimu. Luthuli alifahamu kwamba siku ile kura moja iliwanyima watawala jambo walilolitamani sana, nalo ni kuweza kusema kuwa Bunge zima lilikubali.

Mwaka huo wa 1967 Suzman alifika katika gereza la kisiwa cha Robben. Wafungwa walimwelekeza kwenye chumba cha Nelson Mandela, naye Mandela alimweleza matatizo yao mbele ya wakuu wa gereza. Alimtaja hasa askari mmoja aliyekuwa na chale ya alama ya Wanazi mkononi, aliyekuwa akiwatesa. Suzman aliwaambia wakuu wa magereza kwamba askari huyo asipoondolewa, atalipeleka jambo hilo Bungeni. Askari aliondolewa. Safari hii halikuhitajika hata swali lenyewe, kwani hofu ya kuulizwa ilitosha.

Mipaka ya kazi yake

Hata hivyo, mwandishi wa historia hana budi kutazama pande zote mbili. Chama cha Progressive kwa muda mrefu hakikutaka kura kwa kila mtu mzima. Kilitaka kura iwe na masharti ya elimu au mali, na msimamo huo uliachwa mwaka 1978 tu. Sheria ya mwaka 1968 ilipokataza vyama vyenye wanachama wa rangi mbalimbali, chama cha Liberal kilichagua kujivunja, lakini Progressive kiliendelea kikiwa na wanachama weupe peke yao. Suzman pia alipinga vikwazo vya uchumi ambavyo viongozi wa ukombozi walikuwa wakiviomba kwa mataifa. Wapo waliosema kuwa kuwapo kwake kuliipa sura ya demokrasia nyumba isiyokuwa na demokrasia.

Hoja hizo si za kupuuzwa. Ubaguzi haukuangushwa kwa maswali ya Bungeni. Uliangushwa na wanafunzi wa Soweto wa mwaka 1976, na vyama vya wafanyakazi, na wapiganaji, na shinikizo la mataifa. Watu wa Afrika Mashariki wanalijua hilo, kwani ANC ilifanya mkutano wake mkuu Morogoro mwaka 1969, na baadaye vijana wa Afrika Kusini walisomeshwa Mazimbu. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mto huo mkubwa ulikuwa na vijito vingi, na kimoja kilipita ndani ya Bunge lenyewe, mahali ambapo hakuna mwingine aliyeweza kufika.

Mwisho

Upweke wa Suzman ulikoma mwaka 1974, wabunge wengine wa chama chake walipochaguliwa. Mwaka 1978 Umoja wa Mataifa ulimtunuku tuzo ya haki za binadamu. Sheria za pasi zilifutwa mwaka 1986, yeye akiwa bado Bungeni. Aliwahi kuiona tarehe 10 Desemba 1996, siku Rais Mandela alipoitia sahihi Katiba mpya mjini Sharpeville, naye alikuwapo. Alifariki dunia tarehe 1 Januari 2009.

Kwetu sisi walimu liko la kujifunza. Mara nyingi tunawafunza wanafunzi wetu ufasaha wa hotuba na insha, nasi twasahau ufasaha wa swali. Swali jema si lile refu lenye maneno ya kupamba. Ni lile lisilomwachia mjibuji mlango wa kutorokea, lenye kutaja wangapi, wapi, lini, na kwa sheria gani. Katika lugha yetu maneno hayo ni mafupi, na mtoto huyajua kabla hajaanza shule. Mbunge mmoja aliyatumia dhidi ya dola yenye polisi na magereza, na majibu aliyoyapata bado yamo vitabuni, yakisomwa na wajukuu wa watu waliohesabiwa humo.