Riale Nyeusi na Riale Nyeupe

Katika nyumba fulani fulani za Masisi na Walikale kuna kitu kidogo kilichofungwa katika kitambaa, chini ya sanduku au ndani ya kibuyu: sarafu ya fedha aliyoiacha babu. Wajukuu hawajui thamani yake wala ilikotoka, wanajua tu kwamba haiuzwi. Tangu vita vilipozuka Ntoto, katika Walikale, mwezi wa Machi 1993, na kuenea hata Masisi, watu wetu wamekimbia mara nyingi mno. Nyumba zimeungua, na karatasi zimeungua pamoja nazo: vyeti, barua, picha za arusi. Lakini sarafu hufungwa katika pindo la kitenge, ikakimbia pamoja na mama. Kwa hiyo jamaa nyingine hawana hati iliyobaki ila hiyo.

Basi, mwenye hati hiyo anapotaka kuionyesha kwa mgeni, au kuipeleka kwa mchuuzi wa Goma, jambo la kwanza ni kuisugua. Huchukua majivu, au mchanga laini, au limau, au dawa ya meno, kwa sababu anaona aibu kutoa kitu cheusi. Tungependa kueleza kwa nini weusi ule ni sehemu ya hati yenyewe, na namna ya kujua kama mtu mwingine alikwisha kuufuta.

Kwanza tukumbuke sarafu hizi zilikujaje. Wazee wetu hawakuzihitaji. Wanyanga wa Walikale walikuwa na butea yao, pete zilizosokotwa kwa nyuzi za mwale, na mali ya arusi ilihesabiwa kwa hizo na kwa mbuzi. Walipofika watu wa pembe za ndovu kutoka Maniema, wale Waungwana wa Kasongo na Nyangwe waliofanya biashara mpaka Zanzibar, walinunua zaidi kwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Riale iliyoingia msituni siku zile, kwa maoni yetu, iliingia shingoni mwa mtu kuliko mfukoni mwake.

Halafu Bula Matari akaleta pesa zake. Dola Huru ya Kongo ilipigiwa sarafu za fedha huko Brussels kati ya 1887 na 1896, zenye kichwa cha mfalme Leopold II na maneno ya Kifaransa maana yake Kazi na Maendeleo. Kubwa yao ni ya franka 5, uzito wake gramu 25. Na upande wa mashariki kulikuwa na Wadachi. Mpaka baina yao na Wabelgiji katika Kivu ulibishaniwa miaka mingi, ukapatanishwa Brussels mwaka 1910; lakini ng'ombe na chumvi havikungoja mapatano, wala rupia. Rupia ya Wadachi ina sura ya Kaisari Wilhelm II amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake. Zile za 1890 mpaka 1902 zina simba na mnazi nyuma. Zile za 1904 mpaka 1914 zina maandishi tu ndani ya shada la majani. Uzito wake ni gramu 11 na theluthi mbili hivi. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Rwanda na kufika Tabora mwezi wa Septemba, na maelfu ya wapagazi walibeba mizigo nyuma yao katika nchi ya rupia. Mwisho ilikuja ile ya franka 50 ya mwaka 1944, yenye tembo, ambayo nusu yake tu ni fedha.

Sasa tuje kwenye weusi. Wengi hudhani ni uchafu, au ni kutu kama ya jembe. Sivyo. Fedha ikikaa katika hewa yenye kiberiti, hata kidogo sana, ngozi yake ya juu huungana na kiberiti hicho. Kiberiti kimo katika jasho, katika sufu na katika yai. Na sisi tunaokaa chini ya Nyiragongo na Nyamulagira hatuna haja ya kufundishwa harufu yake. Kwanza sarafu huwa ya manjano, halafu kahawia, halafu zambarau na buluu, mwisho nyeusi. Kazi hii huenda polepole, mara nyingi ikianzia ukingoni na kuelekea katikati. Maana yake ni kwamba weusi huo una fedha ndani yake. Anayeuondoa kwa limau au kwa mchanga hafuti kitu kilichopakwa juu, anachuna ngozi.

Na ngozi hiyo ina habari. Sarafu inapopigwa kwa muhuri wa chuma, fedha hukimbia kutoka katikati kwenda kando, na njia zake hubaki kama mistari midogo mno ambayo jicho haliioni moja moja. Lakini simama mlangoni asubuhi, ushike sarafu kwa ukingo wake, si kwa uso, kisha uigeuze polepole katika mwanga. Kama haijatumika sana wala haijasuguliwa, utaona mwali wa nuru ukizunguka kama njiti za gurudumu la baisikeli. Iliyosafishwa kwa dawa kali haizungushi mwali huo; yote hung'aa mara moja, weupe usio na uhai, kama bati jipya.

Mtu atauliza: je, sarafu iliyopita mikononi miaka 40 sokoni nayo si hupoteza mwali? Ndiyo, huupoteza kwa haki. Hapo tazama mikwaruzo. Maisha hukwaruza ovyo: huu mrefu, huu mfupi, huu mzito, kila mmoja na njia yake, na zaidi mahali palipoinuka, kama shavu la mfalme au tai wa kofia. Mkono unaosugua una desturi yake. Huacha michirizi myembamba kama nywele, mingi, yote ikielekea upande mmoja au ikizunguka pamoja, nayo huingia hata katika uwanja ulio chini. Kisha tazama kando ya herufi. Kitambaa hakiwezi kuingia miguuni mwa herufi, kwa hiyo uwanja utakuwa mweupe na kila herufi itabaki na kamba nyeusi kuizunguka. Sarafu iliyozeeka kwa amani nayo ina weusi mabondeni na weupe kwenye vilele, lakini moja huingia katika nyingine polepole. Haikatiki ghafula kama ukingo wa shamba lililofyekwa.

Kuna wachuuzi wanaojua haya yote, ndiyo maana baada ya kusugua hutafuta kurudisha weusi. Hufunga sarafu pamoja na kiini cha yai lililochemshwa, au huifukiza kiberiti, na kwa siku chache inapata rangi. Rangi hiyo mara nyingi huja kwa mabaka, buluu kali karibu na manjano kali, bila daraja baina yake. Tena ukiangalia kwa kioo cha kukuza utaona michirizi ile ile chini yake. Rangi iliyolala juu ya michirizi imekuja baada ya michirizi, hakuna njia nyingine.

Mambo haya yana uzito zaidi kwa riale ya Maria Theresia. Malkia huyo wa Austria alikufa mwaka 1780, na riale yake imeendelea kupigwa na mwaka ule ule 1780 juu yake, kwa kuwa wafanya biashara wa Bahari ya Shamu na Afrika ya Mashariki hawakutaka nyingine. Ilipigwa Vienna, na baadaye hata Roma, London, Paris, Brussels na Bombay. Zote zina gramu 28 na kidogo. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa haukuambii kitu. Yawezekana ilipita Zanzibar siku za Tippu Tip, au yawezekana ilitoka Brussels juzi juzi, karibu na mwaka 1957, ilipopigwa huko mara ya mwisho. Wajuzi hutazama alama ndogo ndogo, kama lulu za bizimu begani mwa malkia, na pamoja nazo hutazama uchakavu na rangi. Ukiisugua sana, unafuta lulu na rangi kwa mkono mmoja, na kinachobaki ni fedha ya kuyeyusha tu.

Hata hivyo hatuwezi kusema kila aliyesafisha aliharibu. Tulionyeshwa riale moja iliyotobolewa karibu na ukingo, nyuma nyeusi, mbele laini na nyeupe hata pua ya malkia haionekani tena. Hiyo haikusuguliwa na mchuuzi. Ilikuwa kifuani mwa mwanamke. Upande mmoja uligusa ngozi na jasho, upande mwingine ulisuguliwa kwa majivu kabla ya kila sikukuu, labda miaka 50. Michirizi yake ya zamani imelainika na kufunikwa na mingine isiyo na mpango. Kusafisha kwa namna hiyo nako ni historia ya nyumba, na anayetaka kuifanya iwe nyeusi mbele na nyuma anakosea kama yule anayetaka kuifanya nyeupe yote.

Kwa hiyo ukipewa sarafu ya namna hii, ioshe kwa maji safi tu ikiwa ina udongo, uikaushe kwa kuibana katika kitambaa cha pamba bila kufuta. Usiifunge kwa mpira, kwani mpira una kiberiti, wala usiiweke katika sufu. Pima uzito wake kwenye mizani ya wapimaji wa madini. Huko Rubaya na Bisie hawakosekani. Na andika katika karatasi, ungali na wa kumwuliza, nani alimpa nani, katika kijiji gani, na kama ilivaliwa shingoni au ilikaa sandukuni.