Mshipa wa mkono ni uhai wa mgonjwa wa figo
Mgonjwa ambaye figo zake zimekoma kufanya kazi husafishwa damu kwa mashine mara mbili au tatu kwa wiki. Mashine hiyo huhitaji damu nyingi itiririkayo kwa kasi. Hivyo basi, daktari mpasuaji huunganisha ateri na vena mkononi, mbinu iliyotangazwa na madaktari wa New York mwaka 1966. Vena hupanuka kwa majuma kadhaa hadi iweze kustahimili sindano.

Hata hivyo, mishipa mingi haikomai. Utafiti uliohusisha wagonjwa 877 nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2008 ulibainisha kuwa dawa ya klopidogreli, ambayo huzuia damu kuganda, ilipunguza visa vya kuziba kutoka asilimia 19.5 hadi 12.2. Lakini takriban mishipa sita kati ya 10 haikufaa kutumiwa, mgonjwa awe alipewa dawa au la. Sababu mojawapo ni kuwa ukuta wa mshipa hunenepa kwa ndani na kuibana njia ya damu.

Kwa hivyo, kinga huanza mapema. Wataalamu hushauri kuwa mwenye maradhi sugu ya figo atolewe damu au kutiwa dripu kwenye upande wa nyuma wa kiganja, ili vena za mkono zisiharibiwe kabla hazijahitajika.