Salamanda si Mjusi wa Maji

Neno salamanda, ambalo asili yake ni Kigiriki na ambalo limeenea katika lugha nyingi kwa njia ya Kilatini, hutaja amfibia mwenye mkia, yaani ndugu wa chura ambaye hubaki na mkia wake hata baada ya kukomaa. Kwa kuwa kusini mwa Sahara hakuna salamanda wa asili, Kiswahili hakikuwa na sababu ya kumpa jina, na mfasiri anayekutana naye vitabuni hushawishika kumwita mjusi wa maji. Jina hilo linapotosha mara mbili.

Kwanza, salamanda si mjusi, ingawa Linnaeus mwenyewe, mwasisi wa uainishaji wa viumbe, mwaka 1758 alimweka katika jenasi ya mijusi, Lacerta. Mjusi ana magamba, kucha na tundu la sikio, ilhali salamanda ana ngozi tupu yenye ute, vidole visivyo na kucha, ambavyo mara nyingi ni vinne tu katika miguu ya mbele, na hana tundu la sikio kabisa. Mtoto wake anaweza kuitwa kiluwiluwi bila tatizo, mradi ielezwe kwamba matamvua yake, yaani viungo vya kupumulia majini, huchomoza nje ya shingo kama vinyoya.

Anayetaka kumwona katika makazi yake anaweza kwenda kwenye chemchemi za misitu ya milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, ambako wengi ni wa familia ya Plethodontidae, salamanda wasio na mapafu, wanaovuta oksijeni kupitia ngozi na utando wa kinywa. Ngozi ikikauka, pumzi nayo hukatika. Ndiyo maana maji ya chemchemi, ambayo hubaki baridi hata wakati wa kiangazi na ambayo mara nyingi hayana samaki wa kuwala viluwiluwi, huwafaa sana. Gyrinophilus porphyriticus, mwenye rangi ya chungwa iliyofifia, hutaga mayai yake upande wa chini wa mawe, na viluwiluwi wake hukaa majini miaka kadhaa kabla ya kukomaa. Kwa hiyo jiwe lililoinuliwa na mtafutaji lapaswa kurudishwa lilivyokuwa, na mikono iliyopakwa dawa ya mbu isimguse mnyama anayepumua kwa ngozi.

Pili, si kila salamanda ni wa maji. Plethodon cinereus, mwenye mstari mwekundu mgongoni, hutaga katika magogo yaliyooza, na watoto wake huanguliwa wakiwa tayari na umbo la wazazi, bila kupitia hatua ya majini. Wala si mnyama adimu: katika msitu wa Hubbard Brook, New Hampshire, utafiti uliochapishwa mwaka 1975 ulikadiria kwamba uzito wa salamanda wote, ambao sehemu yake kubwa ni ya spishi hii, ulikuwa takribani maradufu ya ule wa ndege katika kilele cha msimu wao wa kuzaliana.

Inafaa zaidi, basi, kulipokea neno lenyewe kwa umbo la salamanda, lisilobadilika katika wingi na lenye upatanisho wa viumbe hai (salamanda huyu, salamanda hawa), kisha kuliongezea sifa pale spishi inapohitaji kubainishwa: salamanda wa chemchemi kwa Gyrinophilus, salamanda mgongo-mwekundu kwa Plethodon cinereus.