Kutoka Kwa Kabuga hadi Iwawa

Tulipokuwa watoto hapa Gihundwe, mtu mzima aliyetaka kutukanya kuhusu bangi alisema maneno mawili tu: "Utapelekwa Iwawa." Kisiwa hicho kiko katika Ziwa Kivu hilihili tunalolitazama kutoka mlimani kwetu, ila mbali kaskazini, Wilaya ya Rutsiro.

Historia yake ni nzito. Novemba 1995 jeshi la RPA liliwashambulia pale wanamgambo na askari wa serikali iliyoangushwa, waliokuwa wamekifanya kambi. Mwaka 2010 kikafunguliwa kituo cha kurekebisha tabia za vijana wa kiume waliokusanywa mitaani, wengi wao wakitumia bangi au kanyanga. Hufundishwa useremala, ujenzi, ushonaji na kilimo, kisha hurudishwa makwao.

Kabla ya Iwawa kulikuwa na Gikondo, Kigali. Wenyeji hupaita Kwa Kabuga, kwa kuwa jengo lilikuwa mali ya tajiri Félicien Kabuga, yule aliyeshtakiwa kwa mauaji ya kimbari. Mwaka 2006, na tena 2015, shirika la Human Rights Watch lilieleza kuwa watu walizuiliwa humo bila kufikishwa mahakamani, wakapigwa, wakalala wakibanana. Serikali imekuwa ikiyakataa madai hayo. Mwaka 2017 sheria iliunda Huduma ya Taifa ya Kurekebisha Tabia, na agizo la waziri la 2018 likapanga kazi za vituo vya muda kama Gikondo. Katika agizo hilo, tabia potovu ni pamoja na kutumia dawa za kulevya, kuombaomba, kuzurura, hata kuchuuza bidhaa barabarani. Yaani mama muuza maembe na mvuta bangi wametiwa kapu moja!

Katika historia yote hii naona lori, boti, karakana na vyeti. Chumba cha kulala baada ya cheti sikioni. Jirani yetu mmoja alirudi kutoka kituo fulani akiwa seremala mzuri. Baba yake alikuwa amefariki, na nyumba imeshauzwa. Akalala barazani mwa maduka ya Kamembe, pamoja na walewale aliovuta nao zamani. Haikufika hata mwezi.

Wengine wamejaribu njia tofauti. Zanzibar, tangu 2009, zipo soba hausi: nyumba za kawaida mitaani, ambamo walioacha dawa huishi na wanaotaka kuacha. Dar es Salaam, Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011. Mgonjwa hunywa dozi yake kila siku, kisha hurudi nyumbani, kama anayo. New York, shirika la Pathways to Housing lilianza mwaka 1992 kwa kumpa mtu chumba kwanza, bila kumtaka aache dawa kabla ya kupewa ufunguo.

Nilipolisema hili darasani, mwenzangu aliuliza nani atalipa kodi. Ni swali la haki. Lakini boti, chakula na walimu wa kisiwani navyo hulipiwa, na anayerudi mtaani hulipiwa mara ya pili.

Jirani yetu sasa analala ndani ya karakana moja hapo Kamembe. Mwenyewe anamhesabu kama mlinzi, hamdai kodi. Ni mwezi wa nane huu, na asubuhi ninapopita kwenda kupanda basi namkuta ameshaanza kupiga randa.