Pima mguu wa mtoto kabla ya kununua kiatu

Mtoto mdogo anaweza kuvaa kiatu kinachombana kwa wiki nyingi bila kulalamika. Sehemu kubwa ya mguu wake bado ni gegedu laini ambalo halijawa mfupa, kwa hiyo vidole hukubali kukunjwa na kusukumwa upande bila maumivu makali. Wewe unaona mtoto anacheza, unadhani kiatu kinamtosha. Ndiyo maana swali la "kinakubana?" halitoshi dukani. Kinachosaidia ni kipimo, na kipimo hicho unaweza kukichukua nyumbani kwa karatasi, penseli na rula.

Namna ya kupima

Pima jioni au alasiri, kwa sababu miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Kama kiatu ni cha shule, mvalishe soksi atakazovaa nazo. Weka karatasi sakafuni, ukingo wake ukigusa ukuta, kisha mwambie mtoto asimame juu yake kisigino kikigusa ukuta. Lazima asimame kwa miguu yote miwili. Mguu ukibeba uzito hurefuka na kutanuka, hivyo ukimpima akiwa amekaa au umempakata utapata kipimo pungufu.

Weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Si lazima kiwe dole gumba; watoto wengi kidole cha pili ndicho kirefu. Shika penseli wima, maana ikilala utaingia chini ya mguu au utatoka nje. Chora pia umbo zima la mguu, utalihitaji dukani. Halafu pima mguu wa pili. Ni kawaida mmoja kuwa mkubwa kidogo, na kiatu hununuliwa kwa kufuata huo mkubwa.

Kutoka sentimita hadi namba

Kwenye kipimo ulichopata ongeza sentimita 1.2. Hiyo ni nafasi ya vidole kusogea mbele mtoto anapotembea, pamoja na nafasi ya kukua. Namba za viatu za Ulaya, zile za 25, 30, 35, hupanda kwa theluthi mbili za sentimita kila moja. Kwa hiyo chukua jumla yako uzidishe kwa 1.5. Mguu wa sentimita 18 ukiongezwa 1.2 unakuwa 19.2; mara 1.5 ni 28.8, basi anza kujaribu namba 29. Mguu wa sentimita 21 utakupa 33.3, na hapo jaribu 33 na 34 zote mbili.

Namba za Uingereza zinachanganya zaidi. Zinakwenda hadi 13 za watoto, kisha zinaanza tena 1. Namba 2 ya mtoto anayejifunza kutembea na namba 2 ya mtoto wa darasa la tano ni viatu viwili tofauti kabisa. Za Marekani nazo haziendi sawa na za Uingereza. Kwenye rundo la mitumba utakuta zote zimechanganyika, na nyingine namba imefutika. Tena hata viwanda viwili vinavyotumia namba za aina moja havitengenezi sawa. Namba ikuonyeshe pa kuanzia tu.

Ukienda sokoni bila mtoto

Akina mama wengi hununua viatu mtoto akiwa shule au kijijini kwa bibi. Kata kipande cha kadibodi, upana wa vidole viwili, urefu wa mguu wa mtoto kuongeza sentimita 1.2. Kiingize ndani ya kiatu hadi kiguse mbele. Kikilala chali bila kupinda kwenye kisigino, urefu unatosha. Kikibaki na nafasi ya zaidi ya sentimita moja nyuma, kiatu hicho kitampwaya.

Kisha toa ile karatasi uliyochora, uiweke chini ya soli. Mchoro ukitokeza nje pembeni, kiatu ni chembamba kwa mtoto huyo hata kama urefu ni sawa. Usitatue wembamba kwa kuongeza namba; utapata kiatu kirefu kinachomkwaza. Tafuta aina nyingine yenye mbele pana.

Kwa mtumba, angalia mambo mawili zaidi. Kiweke juu ya meza uone kama kimelalia upande mmoja. Pia pitisha mkono ndani: kama soli ya ndani ina shimo la vidole vya aliyekivaa kwanza, mguu wa mtoto wako utalazimika kulala kwenye shimo la mwingine. Kiache hata kama bei inavutia.

"Atakua nacho"

Tunaelewa kwa nini unanunua kikubwa. Kiatu ni ghali na mtoto anakua. Lakini kiatu kilichozidi namba mbili au tatu humfanya akunje vidole ili kukishikilia, huteleza kisigino na kutoa malengelenge, na mtoto hujikwaa. Mara nyingi pia huchakaa kabla hajakifikia. Nafasi ya sentimita 1.2 ndiyo ya kukua. Ukitaka kidumu, chagua chenye kamba au mkanda wa kunata unaolegezwa, badala ya cha kutumbukiza mguu tu.

Mtoto aliye chini ya miaka 3 mpime upya kila baada ya miezi miwili au mitatu. Wa shule mpime kila shule zinapokaribia kufunguliwa. Mtoto ambaye bado hajaanza kutembea hahitaji kiatu, isipokuwa kwa baridi. Soksi nazo zikaguliwe. Iliyobana hukunja vidole kama kiatu.

Nani apimwe kwa uangalifu zaidi

Mtoto mwenye mgongo wazi anaweza kuwa hana hisia miguuni. Hali ni hiyo hiyo kwa mtu mzima unayemtunza ambaye amekaa na kisukari miaka mingi. Hawa hawatakuambia kiatu kinawaumiza, kwa sababu hawasikii, na kidonda kidogo kinaweza kufika kwenye mfupa kabla hakijaonekana. Kwao, kiatu kipya kivaliwe nusu saa au saa moja siku ya kwanza, kisha kivuliwe na miguu ikaguliwe juu, chini na katikati ya vidole. Kabla ya kuvaa kila siku, kung'uta kiatu na upitishe mkono ndani kutafuta kokoto au msumari.

Wekundu ambao haujaondoka nusu saa baada ya kuvua kiatu unamaanisha kiatu hicho kisivaliwe tena. Kukiwa na kidonda, usaha, ukucha ulioingia nyamani au mtoto anachechemea hata akiwa peku, mpeleke kituo cha afya, na uende na kiatu chenyewe ili mhudumu akione.