Mshipa wa Mhadzabe

Katika ushairi wa pwani, moyo ni makazi ya mapenzi na damu ni nasaba. Matabibu waliiuliza damu swali jingine: inakwenda wapi? Katika karne ya 13 Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Damascus aliyefanya kazi Cairo, aliandika kwamba damu haipenyi ukuta wa katikati ya moyo, bali hutoka upande wa kulia, ikapita mapafuni, ndipo ikafika kushoto. Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey akaueleza mzunguko mzima: mishipa mingine huipeleka damu mwilini, mingine huirejesha moyoni.

Msukumo wa damu hiyo juu ya kuta za mishipa ndio tuuitao presha. Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci wa Italia aliupima kwa kuubana mkono kwa mfuko wa upepo. Na mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaonyesha namna ya kuusikiliza.

Kipimo kilipoenea, wengi waliona kwamba presha hupanda kadiri umri unavyosogea, wakaihesabu pamoja na mvi: mzigo wa kila aishiye sana. Je, ni kanuni ya maumbile, au ni desturi ya maisha yetu?

Sehemu ya jawabu imo bara. Nchi ya Wahadzabe, pembezoni mwa Ziwa Eyasi, huingia hadi Mkoa wa Singida, wilayani Mkalama, penye kijiji cha Munguli. Ni watu wapatao elfu moja na ushei, na baadhi yao wangali wakiishi kwa mawindo, asali, mizizi na ubuyu. Ubuyu uleule ambao Unguja huupika kwa sukari na rangi. Mwaka 1972 Nigel Barnicot na wenzake walichapisha vipimo vya presha yao. Mwaka 2017 David Raichlen na wenzake wakatoa vipimo vya watu 198: presha ya juu ilikuwa nadra, kwa vijana na kwa wazee. Waliovalishwa vyombo vya kuhesabu mapigo ya moyo walionekana kujishughulisha kwa nguvu kiasi cha dakika 135 kwa siku.

Kinyume chake, uchunguzi wa kitaifa wa Tanzania Bara wa mwaka 2012 ulikuta kwamba, miongoni mwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64, takriban mmoja kati ya wanne ana presha ya juu.

Haifai kuyapamba maisha ya porini. Huko watoto wengi hufa wangali wachanga. Wala Mhadzabe hakuumbwa kwa damu nyingine. Mshipa wake ni wetu, ila mwendo wake na chakula chake si vyetu.

Na mwendo huo wahitaji ardhi. Katika miaka ya 1960 serikali ilijaribu kuwaweka Wahadzabe vijijini. Wengi wakarudi porini. Tangu hapo mashamba na mifugo vimeimega nchi yao. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda, mkoani Manyara, walipata hati ya kimila ya ardhi yao. Hati hiyo yalinda mawindo na asali. Yalinda pia, ingawa haikuandikwa humo, mishipa ya wazee wao.