Mkono Botswana, Jicho Toronto

Sanduku lenyewe halitishi. Ni boksi lililofunikwa juu, lina matundu mawili ya kupitishia koleo ndefu, na ndani yake kuna kamera ndogo inayopeleka picha kwenye skrini. Kazi ya kwanza utakayopewa ni ya kitoto: kuna vipete sita vya mpira kwenye vijiti. Kiokote kimoja kwa koleo la mkono wa kushoto, kihamishie koleo la kulia kikiwa hewani, kivishe kwenye kijiti cha upande wa pili. Ukimaliza vyote sita, virudishe vilikotoka.

Niliwahi kulijaribu sanduku la namna hiyo kwenye maonyesho, nikiwa na uhakika wa mtu aliyekua akicheza michezo ya video. Kipete cha kwanza kilidondoka, na cha pili nacho. Nilipotaka ncha ya koleo iende kulia, ilikwenda kushoto, kwa sababu koleo limeegemea ukingo wa tundu kama kasia lilivyoegemea ubavu wa mtumbwi: ukivuta huku, ncha inakwenda kule. Halafu macho hayana pa kushika. Skrini ni bapa, kwa hiyo kina cha sanduku hukioni, unakibahatisha. Dada aliyekuwa akisimamia meza alisubiri nimalize kuaibika, kisha akasema, "Shusha viwiko, kaka." Nikavishusha. Kipete cha tano kikaingia.

Nimelikumbuka sana lile neno la viwiko, kwa sababu historia ninayotaka kuisimulia inalizunguka.

Upasuaji wa matundu madogo ni mchanga kuliko watu wengi wanavyodhani. Septemba 1985, daktari Mjerumani Erich Mühe alitoa mfuko wa nyongo wa mgonjwa bila kumpasua tumbo kwa mkato mrefu. Wenzake hawakumpongeza, bali walimtilia shaka kwa miaka. Mwaka 1987 Philippe Mouret akafanya upasuaji kama huo kule Lyon, Ufaransa, na baada ya hapo njia hii ikasambaa kwa kasi ambayo mafunzo hayakuiweza. Kwa mgonjwa faida ilionekana wazi: kidonda kidogo, maumivu machache, kurudi nyumbani mapema. Kwa daktari mambo yalikuwa tofauti. Mtu aliyefanya upasuaji kwa miaka ishirini, anayeujua mwili kwa vidole vyake, aliambiwa sasa asimguse mgonjwa ndani, atazame skrini, na mikono yake aiongoze kinyumenyume. Ndipo masanduku yalipohitajika. Makosa ya mwanzo yafanyike kwenye vipete, si kwenye ini la mtu.

Lakini sanduku halisemi chochote kuhusu viwiko.

Hapa niruke mpaka tarehe 7 Septemba 2001, siku ambayo vitabu vya teknolojia ya tiba huipenda mno. Jacques Marescaux akiwa New York aliongoza mikono ya roboti iliyokuwa Strasbourg, Ufaransa, akatoa mfuko wa nyongo wa mwanamke mwenye umri wa miaka 68. Kati ya daktari na mgonjwa kulikuwa na bahari ya Atlantiki nzima. Waliita kazi hiyo Operesheni Lindbergh, kwa heshima ya rubani aliyeivuka bahari hiyo peke yake mwaka 1927. Ilitumia njia maalumu ya mawasiliano kwa nyaya za nuru, na kuchelewa kwa ishara kulikuwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Ulikuwa ushindi wa kweli, silibezi hilo. Ila jiulize nani angeweza kuulipia mara ya pili. Na jambo jingine: mwisho wa siku ile, ujuzi ulibaki kwa mtu yuleyule aliyekuwa nao asubuhi. Mkono ulivuka bahari ukarudi nao.

Miaka tisa baadaye lilichapishwa jaribio lisilo na mbwembwe, na mimi nalihesabu kuwa kubwa zaidi. Allan Okrainec, Oscar Henao na Georges Azzie, madaktari wa Toronto, Kanada, walitaka kuwafundisha madaktari wa upasuaji wa Botswana misingi ya upasuaji wa matundu madogo. Botswana ni nchi ya watu wapatao milioni mbili, na chuo kikuu chake kilipokea wanafunzi wa kwanza wa udaktari mwaka 2009 tu. Kumpeleka mwalimu kutoka Toronto kwa wiki moja kunawezekana, lakini wiki moja haiutengenezi mkono. Kuwapeleka madaktari Toronto maana yake ni kuzifunga wodi walizoziacha.

Wakafanya jambo rahisi. Sanduku moja likawekwa Botswana, jingine Toronto, kila upande kompyuta na kamera zake, na katikati Skype, programu ileile ambayo watu wa rika langu waliitumia kuongea na shangazi aliyehamia ng'ambo. Urahisi huo una sababu ya ndani. Katika upasuaji wa aina hii daktari tayari anafanya kazi kwa kutazama skrini, kwa hiyo mwalimu aliye mbali haoni pungufu ya kile anachokiona mwanafunzi. Kamera ya pili ikielekezwa kwenye mwili wa mwanafunzi, mwalimu anaona na mabega. Anaona viwiko.

Madaktari 16 walishiriki. Wanane walikutana na mwalimu kwa video kila wiki. Wanane wengine walikuwa na sanduku la aina hiyohiyo pamoja na maelekezo yake, wakajifunza wenyewe. Mwishoni wote wakapewa mtihani mmoja. Wale waliokuwa na mwalimu kwenye skrini walifaulu wote wanane. Waliojifunza peke yao walifaulu asilimia 38, yaani watatu.

Takwimu hiyo hunikalia kooni. Wale watano walioanguka si wavivu. Ni watu wazima, wataalamu, waliokuwa na kifaa kilekile na pengine walitoka kwenye zamu ndefu kabla ya kukaa mbele yake. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia "hapana, rudia" kabla kosa halijawa tabia. Ukirudia kosa mara mia, umejizoeza kukosea.

Mtu anaweza kusema basi video ndiyo iliyofanya kazi. Mimi nasita, na kinachonifanya nisite kinatoka Toronto hukohuko.

Kamera iliingia kwenye mafunzo ya kuigiza ya kitabibu zamani kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, David Gaba na wenzake wa Stanford, Marekani, walitengeneza chumba cha upasuaji cha kuigiza chenye mwanasesere badala ya mgonjwa, wakachukua mawazo kutoka kwa marubani wanaojifunza ajali wakiwa ardhini. Mgonjwa wa plastiki anazimika ghafla, timu inahangaika, kamera inarekodi. Baadaye wanakaa pamoja, wanatazama mkanda na kujadiliana. Ikawa desturi: chumba cha mafunzo kisicho na kamera kilionekana hakijakamilika. Kisha mwaka 2006 Georges Savoldelli na wenzake wakachapisha utafiti uliowahusisha madaktari 42 waliokuwa wakisomea dawa za usingizi. Kundi la kwanza halikupewa mrejesho wowote baada ya zoezi. La pili lilipewa mrejesho wa mdomo tu. La tatu lilipewa mrejesho wa mdomo pamoja na kutazama video. Kundi lisilopewa neno halikuboreka. Yaliyobaki yote mawili yaliboreka, na ile video haikuongeza tofauti ya maana juu ya mazungumzo.

Nilipousoma utafiti huo nilifikiria fedha zote zilizofungwa darini kwa skrubu.

Nikiziweka tafiti hizi mbili pamoja, naona kamera moja yenye kazi mbili tofauti. Kule kwenye chumba cha kuigiza ilikuwa shahidi: inakuja baada ya tukio kuthibitisha yaliyokwisha kusemwa na mwalimu ambaye tayari yumo chumbani. Kule Botswana ilikuwa mlango wa kumpitisha mwalimu ambaye vinginevyo asingekuwepo.

Na kuwepo kwenyewe kuna ratiba yake. Somo hilo liko karibu nasi, Haydom, wilayani Mbulu katika mkoa wa Manyara. Mwaka 2010 wakunga na wahudumu wa hospitali ya hapo walipata mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, kwa kutumia mwanasesere. Mtoto wa namna hiyo ana dakika moja ya kuanza kusaidiwa, ile inayoitwa dakika ya dhahabu: mkaushe, msisimue, akinyamaza mpulizie hewa kwa kifuko na barakoa. Walipopimwa tena kwa mwanasesere, walikuwa wameboreka vizuri. Lakini Hege Ersdal na wenzake walipowaangalia wakiwa wodini, na watoto wenye damu na joto, mambo waliyoyafanya hayakuwa yamebadilika. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2013, na naushukuru uungwana wa waliouandika, maana kichwa cha habari kizuri kilikuwa mkononi mwao na hawakukitumia.

Mafunzo yakapangwa upya. Mwanasesere akahamia palepale wodini, na wahudumu wakafanya mazoezi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, katikati ya kazi, wenzao wakitazama. Estomih Mduma na wenzake waliripoti mwaka 2015 kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mwanasesere hakubadilika, wala mkunga. Kilichobadilika ni kwamba wiki ijayo mtu angeuliza tena.

Pale Haydom mwenzako yuko umbali wa mkono, hahitaji intaneti. Video inapata maana palipo na mkunga mmoja na zamu moja. Mwaka 2020 janga la UVIKO-19 lilipofunga vyumba vya mafunzo, vyuo vikubwa vya Ulaya na Amerika ya Kaskazini vikajikuta vinahitaji njia ambayo Botswana ilikwisha kujaribiwa muongo mmoja nyuma: mwalimu huku, mwanafunzi kule, kamera kwenye mikono. Walioyapitia madarasa ya wakati ule wanajua pia upande wa pili. Bando linakwisha katikati ya sentensi. Picha inaganda mwalimu akiwa amefungua mdomo, na hujui kama alikuwa anasema "vizuri" au "simama". Kwenye vipete vya mpira hilo ni kero tu. Mwanafunzi anasubiri, koleo zikiwa hewani, mpaka sauti irudi.

Skype ilifungwa rasmi tarehe 5 Mei 2025. Nilijaribu kuifungua simu yangu ya zamani niangalie mazungumzo na shangazi, nikakuta ujumbe wa kuaga. Lile sanduku bado linatengenezwa, na vipete bado ni sita.